Wanga, Uraibu na Unene: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu wa Kisumu na maeneo ya jirani: akina mama wa chama, waendeshaji boda boda, wagonjwa wa kisukari wanaongoja zamu yao kliniki, na vijana wanaofuata keto, yaani ulaji wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, kwenye simu. Tumeanza na ya msingi, tukamalizia na hali maalumu. Kama unatumia dawa za kisukari, soma kwanza sehemu ya mwisho kabla hujabadilisha chochote kwenye sahani yako.

## Mambo ya msingi

Wanga uko wapi katika chakula chetu?

Uko kwenye ugali, wali wa Ahero, chapati, mandazi, uji, viazi, mhogo, nduma na ndizi. Uko pia kwenye vyakula ambavyo wengi hawavihesabu: maharagwe, ndengu, maziwa, maembe. Sukari ya chai ni ya ukoo huo huo. Vyote hivyo mwili huvivunja, na sehemu kubwa huishia kuwa glukosi inayoingia kwenye damu. Mboga za kienyeji kama osuga, dek na mrenda zina wanga kidogo sana, na samaki, omena, nyama na mayai ni kama hazina.

Ndiyo maana mtu akisema ameacha wanga, ni vizuri kumuuliza kuhusu chai. Wengi huwa wameacha ugali peke yake, na kikombe bado kina vijiko vitatu vya sukari.

Je, wanga hunenepesha?

Ukila chakula kinachozidi mahitaji ya mwili kwa muda mrefu, utanenepa, na wanga unaweza kuwa sehemu ya hicho kinachozidi. Lakini gramu moja ya wanga ina kalori 4, sawa na protini, ilhali gramu moja ya mafuta ina 9 na ya pombe 7. Kwa hesabu hiyo wanga hauna hatia ya pekee.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, wakiongozwa na Christopher Gardner, walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Nusu walipunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga, na wote waliambiwa wale mboga kwa wingi na waepuke sukari na unga mweupe. Waliopunguza mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea. Jambo la kutazama ni kwamba ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua sana na walioongezeka.

Tatizo la sahani zetu mara nyingi ni ukubwa wa mlima. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori zipatazo 360. Mtu akimaliza peke yake ugali wa robo kilo ya unga usiku, amekula kalori 900 kabla hajagusa kitoweo. Kwa mtu aliyelima tangu alfajiri, hizo zitatumika. Kwa aliyekaa dukani Oginga Odinga Street mchana kutwa, akaja na boda boda hadi mlangoni, nyingi zitabaki.

Nimesoma kwamba wanga hupandisha insulini, na insulini ndiyo huhifadhi mafuta. Si kweli?

Nusu ya kwanza ni kweli. Ukila wanga, sukari kwenye damu hupanda, kongosho hutoa insulini, na wakati insulini iko juu mwili huhifadhi nishati kuliko kuitoa. Kutokana na hapo, baadhi ya wanasayansi, David Ludwig wa Boston akiwa miongoni mwao, wamejenga hoja kwamba wanga ndio chanzo kikuu cha unene: mafuta yanafungiwa ndani, mwili unahisi njaa, mtu anakula tena.

Hoja hiyo ilijaribiwa na mtafiti Kevin Hall na wenzake katika utafiti uliochapishwa 2021. Watu 20 walilazwa kwenye kituo cha utafiti huko Bethesda, Marekani. Kwa wiki mbili walipewa chakula chenye wanga mwingi na mafuta kidogo, na kwa wiki nyingine mbili chakula cha keto, kila mtu akila hadi atosheke. Wakati wa wanga mwingi insulini yao ilipanda kama ilivyotarajiwa, lakini walikula kalori pungufu kwa zaidi ya 500 kila siku kuliko wakati wa keto, na hawakulalamikia njaa. Wiki mbili ni muda mfupi, na mjadala haujafungwa. Hata hivyo, dai kwamba insulini peke yake ndiyo inayokufanya ule zaidi na unenepe limepata pigo kubwa.

Mbona jirani yangu aliacha ugali akapungua kilo tatu kwa wiki moja?

Sehemu kubwa ya hizo kilo ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, takriban nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia maji gramu 3 hivi. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika na maji yanatoka. Siku utakayorudia ugali, maji yatarudi, na mizani itapanda tena ndani ya siku chache.

Inasikitisha kuona mtu akikata tamaa kwa sababu ya maji. Anadhani ugali wa siku moja umemnenepesha kilo mbili, kumbe mafuta yake yako pale pale yalipokuwa.

Wazee wetu walikula ugali maisha yao yote na hawakuwa na vitambi. Kimebadilika nini?

Utafiti wa mwaka 2004 uliwafuatilia wanariadha kumi wa Kikalenjin wa kiwango cha juu na kupima kila walichokula. Zaidi ya asilimia 75 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, ugali peke yake ukichangia karibu robo, na sukari ya chai nayo haikuwa kidogo. Walikuwa wembamba mno. Mwili unaokimbia asubuhi na jioni unauteketeza wanga huo wote.

Wazee wetu hawakukimbia mashindano, lakini walitembea kwenda sokoni, walilima kwa jembe, waliteka maji kwa miguu. Mafuta ya kupikia yalikuwa haba, na soda ilikuwa ya Krismasi. Leo boda boda inakuchukua kutoka Kondele hadi Kibuye, mwendo ambao zamani ungeutembea ukipiga gumzo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliwakuta wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzani uliozidi wakiwa robo mnamo 2008–09, na theluthi mnamo 2014. Ugali ulikuwapo miaka yote hiyo. Vilivyobadilika ni mwendo wetu na vitu tunavyoongeza pembeni ya ugali.

## Uraibu

Je, wanga una uraibu kama sigara au pombe?

Kwa ushahidi uliopo, ugali, wali na viazi vya kuchemsha havina uraibu wa namna hiyo. Hakuna anayeamka usiku wa manane kutafuna nduma kavu kwa siri. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wengi, uliotolewa Marekani 2013, haukuutambua uraibu wa chakula kuwa ugonjwa.

Hata hivyo, wapo watu wanaoteseka kweli, na haifai kuwapuuza. Ashley Gearhardt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliunda mwaka 2009 orodha ya maswali ya kupima hali hii kwa vigezo vya uraibu wa dawa: kula zaidi ya ulivyokusudia, kushindwa kupunguza, kuendelea ingawa unaumia. Vyakula vilivyotajwa zaidi kuwa vigumu kujizuia ni vilivyotengenezwa viwandani au kukaangwa: pitsa, chokoleti, chipsi, biskuti, aiskrimu. Karibu vyote vinachanganya wanga uliokobolewa au sukari pamoja na mafuta.

Watu wengi hutaja pia panya wa Chuo Kikuu cha Princeton. Ni kweli kwamba watafiti Bart Hoebel na Nicole Avena waliwaona panya wakinywa maji ya sukari kwa pupa na, wakinyimwa, kuonyesha dalili kama za mraibu aliyekosa dawa yake. Lakini pupa hiyo ilitokea kwa panya walioachwa na njaa saa nyingi kila siku kabla ya kupewa sukari. Waliopata sukari wakati wote hawakuwa hivyo. Kwa binadamu somo lililo wazi zaidi ni kuhusu kujinyima: mtu anayeshinda njaa hadi saa kumi jioni hujikuta hana breki mbele ya sinia la mandazi.

Mbona siwezi kuishia kwenye mandazi moja, ilhali viazi vitamu vinanikinai?

Mandazi ina unga mweupe, sukari na mafuta kwa pamoja, ni laini, na haihitaji kutafunwa sana. Kwa asili wanga na mafuta mengi hukutana mara chache kwenye chakula kimoja. Utafiti wa Yale wa 2018 ulionyesha kwamba watu walikuwa tayari kulipa zaidi kwa chakula chenye vyote viwili kuliko chenye kimoja, hata kalori zikiwa sawa, na sehemu za ubongo zinazohusika na zawadi ziliitikia kwa nguvu zaidi.

Kisha kuna kasi. Mwaka 2019 timu ile ile ya Kevin Hall iliwapa watu 20 vyakula vya viwandani kwa wiki mbili na vyakula visivyosindikwa sana kwa wiki mbili, huku chakula kilichopakuliwa kikiwa na kiasi sawa cha sukari, mafuta na nyuzinyuzi. Kwenye vyakula vya viwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku, walikula haraka zaidi, na waliongezeka karibu kilo moja. Kwenye chakula cha kawaida walipungua kiasi hicho hicho. Kiazi kitamu kinakulazimisha utafune, kinajaza tumbo, na habari ya shibe inaufikia ubongo kabla hujamaliza.

Kwa hiyo usijiite dhaifu. Chakula hicho kingemshinda mtu yeyote mwenye njaa, na ni bora kupanga usikutane nacho ukiwa na njaa.

Nisipokula ugali nahisi sijala. Huo si uraibu?

Hapana. Ni mazoea ya tumbo na ya moyo. Umekula ugali tangu utotoni, umeshibia kwenye sinia moja na ndugu zako, na tumbo limezoea ule uzito. Mhindi wa Kisumu aliyelelewa kwa chapati na dengu husema hivyo hivyo kuhusu chapati. Mazoea hayo hulegea polepole ukipunguza kipande kidogo kidogo, na ni nadra mtu kuhitaji kuyakata kabisa.

Nikiacha chai ya sukari kichwa kinaniuma. Mwili unadai sukari?

Yaelekea unadai majani. Chai ina kafeini, na aliyezoea vikombe kadhaa kwa siku akiacha ghafla anaweza kuumwa na kichwa, kuchoka na kuwa na hasira kuanzia siku ya kwanza, kisha hali ikatulia ndani ya siku chache hadi wiki moja hivi. Jaribu kunywa chai ile ile huku ukipunguza sukari nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea utamu mdogo haraka kuliko unavyofikiri, na kichwa hakitauma.

Nitajuaje kwamba shida yangu imepita hamu ya kawaida?

Ukila chakula kingi mno kwa muda mfupi huku ukihisi huwezi kujizuia, ukala hadi kuumia, ukijificha, na baadaye ukajichukia, na hayo yakitokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, huenda una ugonjwa wa kula kupita kiasi. Huo unatambuliwa na madaktari, na una tiba, hasa ya mazungumzo. Kujinyima zaidi huuchochea. Zungumza na mhudumu wa afya au mshauri nasaha, na usikubali mtu akuambie ni ulafi tu.

## Jikoni na mezani

Ugali wa brown haunenepeshi?

Kalori zake zinakaribiana sana na za ugali mweupe. Faida ya wimbi, mtama au mahindi ya poshomili yasiyokobolewa ni nyuzinyuzi, madini na shibe inayodumu. Kipande kidogo kinaweza kukutosha, na hapo ndipo uzani unapoguswa. Ila ukila mlima ule ule kwa sababu ni wa brown, hujabadilisha kitu.

Angalia pia unachochanganya. Unga mwingi wa brown wa huku Magharibi huwa na mhogo, na mhogo ni wanga karibu mtupu, wenye protini kidogo sana. Unapendeza mkononi na unashikana vizuri, lakini ukiweka mhogo mwingi kuliko wimbi, umepoteza sehemu ya faida uliyoifuata.

Viazi vinanenepesha?

Inategemea sufuria. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Sydney walilinganisha vyakula 38 vyenye kalori sawa kuona kipi kinashibisha zaidi. Viazi vya kuchemsha viliongoza, vikishibisha zaidi ya mara tatu kuliko mkate mweupe. Vikikaangwa kuwa chipsi vilishuka hadi karibu sawa na mkate huo. Ni viazi vile vile vya Molo, vimepoteza maji na kunywa mafuta.

Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori kama 120. Kumbuka hilo pia kwenye chapati na kwenye sukuma wiki inayoogelea: mara nyingi ugali unalaumiwa kwa kosa la kaango.

Sukari nguru na asali si bora kuliko sukari nyeupe?

Ladha yake ni nzuri, na sukari nguru ina madini kidogo, lakini si ya kutosha kuifanya dawa. Kwa mwili ni sukari. Muwa unaoutafuna mwenyewe una nafuu kwa kuwa unakuchelewesha na taya linachoka. Juisi ya muwa haina kizuizi hicho.

Na soda?

Hapa sina maneno ya kupunguza makali. Soda ya mililita 300 ina sukari takriban gramu 30, yaani vijiko vya chai saba au nane. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya 5, kiasi cha gramu 25. Chupa moja imeshapita hapo. Na kwa kuwa ni kinywaji, haikupunguzii ugali hata tonge moja. Juisi ya dukani, na hata ya kukamua nyumbani, iko karibu na soda kuliko ilivyo karibu na tunda. Ule embe lenyewe.

Kula ugali usiku kunanenepesha zaidi ya mchana?

Kiasi cha siku nzima ndicho kizito zaidi. Usiku huponza kwa sababu wengi wameshinda na njaa na wanakula mbele ya televisheni.

Ugali baridi wa jana una wanga mdogo?

Kidogo tu. Wanga uliopoa hubadilika kwa sehemu ukawa mgumu kumeng'enywa, lakini tofauti ni ndogo, isikufanye uongeze sahani. Kiporo cha wali kiwekwe mahali pa baridi mapema, maana kikilala kwenye joto la Kisumu kinaweza kukuharisha vibaya.

Nianze wapi, bila kula chakula tofauti na familia?

Anza na vinywaji. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 36 za sukari, karibu kalori 145, na hakuna aliyewahi kushiba kwa sukari hiyo. Soda iwe ya sherehe.

Kisha geuza mpangilio wa sahani. Pakua mboga kwanza, ijae nusu. Osuga, saga, kunde au mrenda ni rahisi kupatikana Kibuye na Jubilee. Weka samaki, omena, maharagwe au yai robo, na ugali robo inayobaki. Omena ni protini ya bei nafuu kuliko nyama, na ni makosa kuiona kama chakula cha shida. Nyoyo nayo ni nzuri: mahindi mazima na maharagwe hushibisha muda mrefu, mradi isizamishwe kwenye mafuta.

Usiruke kifungua kinywa ukijua utakula mandazi saa nne. Viazi vitamu viwili na yai ni bora kwako kuliko kujikaza. Na kama steji si mbali, tembea. Kuhusu matanga na harusi, ambako sahani hujazwa na mtu mwingine, omba mboga zaidi kabla mpakuzi hajachota wali. Kukataa chakula kabisa huudhi watu, na hakuna sababu ya kufika huko.

## Hali maalumu

Nina kisukari. Niache wanga kabisa?

Usiache ghafla bila kuzungumza na daktari. Kupunguza wanga husaidia sukari ya wengi, lakini ukitumia insulini au vidonge kama glibenclamide, kukata ugali huku dozi ikibaki ile ile kunaweza kushusha sukari hadi uzimie. Ukitetemeka, ukatoka jasho na kuchanganyikiwa, kunywa maji yenye sukari mara moja, kisha tafuta msaada. Metformin peke yake mara chache huleta hatari hiyo. Mpangilio wa sahani ulioelezwa hapo juu ni mahali salama pa kuanzia mazungumzo na kliniki yako.

Nina mimba au nanyonyesha. Naweza kufanya keto?

Hapana, subiri. Punguza soda na mandazi, lakini ule uji, ugali, viazi na matunda. Imewahi kutokea kwa wanyonyeshaji waliokata wanga karibu wote damu yao ikajaa asidi, na hali hiyo ni ya dharura.

Tangu nibadilishiwe dawa za ARV nimenenepa. Ni ugali?

Huenda si ugali peke yake. Tafiti za hapa Afrika zimeonyesha kwamba baadhi ya wanaotumia dolutegravir, mojawapo ya dawa hizo, huongezeka uzani, hasa wanawake, na wengine huongezeka kwa sababu afya imerudi. Usiruke dozi hata moja kwa ajili ya uzani. Mwambie mhudumu, apime uzani na sukari, na mpange chakula pamoja. Sindano ya uzazi wa mpango nayo huwaongeza baadhi ya wanawake, na ukiona hivyo unaweza kuomba njia nyingine.

Mtoto wangu ni mnene. Nimnyime ugali?

Mtoto anakua, kwa hiyo usimnyime chakula cha nyumbani wala kumwita majina. Ondoa soda, biskuti na krispi za kila siku, mpe nafasi ya kucheza nje, na familia nzima ile sahani ile ile. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, apimwe kwanza kliniki: mwili uliovimba huonekana kama unene, na uvimbe wa miguu kwa mtoto anayelishwa uji mtupu unaweza kuwa kwashakoo.

Sijajaribu kupungua, bado nala wanga kama kawaida, lakini nguo zinanilegea.

Usishangilie. Kukonda bila kukusudia, pamoja na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, ni dalili za kisukari. Kukonda huko kukiambatana na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili au jasho la usiku, pima kifua kikuu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu wiki hii. Kipimo cha sukari ni tone moja la damu kidoleni, na jibu hutoka papo hapo.